Utepe wa Graciete

Nilifika Marinha Grande na kompyuta begani,
ndani yake skrini niliyoichora Lisbon miezi minne:
kijivu juu ya kijivu, herufi nyembamba kama unywele,
na kila aliyeiona ofisini alisema, imetulia.

Kiwandani hakuna kilichotulia.
Mashine namba sita inatema chupa za divai
mia tatu kwa dakika, zingali na rangi ya chungwa,
na kelele yake huisikii kwa sikio,
unaisikia menoni.

Graciete Malhoa, miaka ishirini na sita ya zamu ya usiku,
aliitazama kazi yangu jinsi mtu anavyotazama
kiatu kizuri kisicho cha saizi yake.
Akanyanyua mkono. Glavu nene, imeungua vidoleni.
Akagusa SIMAMISHA.
Skrini kimya.
Akagusa tena. Kimya.
Akaivua glavu kwa meno, akagusa kwa kidole kitupu,
na katika sekunde nne hizo
chupa ishirini zilikuwa zimeshazaliwa vilema.

Sikusema kitu. Ningesema nini?
Hata kengele ya onyo niliipa sauti tamu,
ting, kama kijiko kwenye kikombe cha kahawa,
mahali ambapo watu huongea kwa nyusi.

Nikaomba wiki moja. Sikuchora.
Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
mbele ya paneli ya zamani, ya vitufe vya chuma,
ile niliyotumwa kuja kuing'oa.
Usiku wa kwanza niliona uchafu.
Usiku wa tatu nikaanza kuona mwandiko.

Utepe wa karatasi chini ya kitufe cha tatu: SI HIKI.
Uzi mwekundu umefungwa kwenye swichi ya upepo
ili mkono uijue hata jicho likiwa kwingine.
Mkwaruzo wa msumari kwenye kipimo cha joto:
hapa ndipo kalibu huanza kukasirika,
wala si pale kitabu kinaposema.
Na kitufe cha kusimamisha kimelika katikati,
kimekuwa bonde, kama ngazi ya kanisa,
kwa viganja, kwa viwiko, na mara moja,
Adérito akanionyesha, kwa paji la uso,
mikono yake yote miwili ikiwa na shughuli nyingine.

Huyo Adérito hatofautishi nyekundu na kijani.
Miaka kumi na tisa, hajamwambia msimamizi.
"Taa ya juu ni mbaya, ya chini ni nzuri," alisema.
"Rangi ni mambo yenu."
Mimi taa zangu nilizipanga ubavu kwa ubavu.

Nikarudi Lisbon, nikafuta.
Nikaweka kitufe kimoja cha upana wa kiganja kilichovaa,
kinachosikia glavu, kinachosikia kiwiko.
Ile ting nikaitupa. Onyo likawa taa ya kupiga paani,
yenye umbo lake na mahali pake, juu.
Mkuu wangu akauliza, mbona kimekuwa kibaya hivi?
Nikamwambia, kiguse ukiwa na glavu.
Kwenye kona ya chini niliacha nafasi tupu,
vidole vinne kwa vidole viwili.
Aliniuliza mara tatu ni ya nini.

Februari tuliifunga. Graciete akakigonga kitufe
kwa upande wa ngumi, bila hata kukitazama,
na mstari mzima ukasimama.
Hakunisifu. Alitoa mfukoni gurudumu la utepe,
akakata kipande kwa meno, akaandika:
KALIBU YA NNE, MAFUTA KILA DAKIKA KUMI NA MBILI.
Kisha hakukibandika pale nilipomwachia.
Alikibandika juu, katikati,
akaifunika nembo ya kampuni yetu.

Nilipomtazama alinyanyua nyusi.
Nilishajifunza kuzisoma:
hicho hakikuwa na kazi.