Wiki Yenye Tano Mbili

Nilifika darasani Jumatatu saa mbili kasoro,
nikadhani nimewahi.
Lakini hesabu ya Waswahili haidanganyi:
ilikuwa siku ya tatu.
Mosi na pili zilipita nikifua,
nikipanga foleni ya kutoa kopi,
nikisoma habari za Aksum kwa mwanga wa simu
maana Luku iliisha, na Kokushubira
akasema zamu ya kununua ni yangu.

Dokta Mwakalukwa hasubiri mtu.
Anavuta miaka elfu mbili kwa mstari mmoja wa chaki,
Misri huku, Meroe hapa,
pwani yetu mwishoni, karibu na swichi ya taa,
halafu anauliza, "Nani alikuwa wapi?"
Mimi nilikuwa Moroni, Dokta,
miezi saba iliyopita,
nikimhakikishia mama kwamba historia ya kale inalipa.

Asubuhi ile nilinunua chapati kwa Mama Sikujua,
pale njia ya Changanyikeni inapokata kona.
Akanipa na chai. Nikasema, "Marahaba."
Mwiko ukabaki hewani.
"We mtoto! Nimekuamkia saa ngapi?"
Wateja wakacheka hadi mmoja akapaliwa.
Kwetu marahaba ni asante.
Neno lile lile, limevuka maji,
likafika huku likapewa kiti cha mkubwa.
Nikamweleza. Akasema, "Basi shikamoo, mwanafunzi,"
akaniongezea sukari.

Jumanne, maabara.
Ndoo, mswaki mkuukuu, na mfuko wa vigae
vilivyochimbwa Kunduchi kabla sijazaliwa
na hakuna aliyeviosha.
Unasugua taratibu kama meno ya mtoto,
unaanika juu ya gazeti la michezo,
kigae kwa Simba, kigae kwa Yanga,
kisha kila kimoja unakiandika namba.

Mia mbili na kumi na nne ni ukingo wa chungu.
Umefinywa kwa kucha, miezi michanga saba.
Nikatia kucha yangu katika mmoja.
Haikuenea.
Nikajaribu ya kidole cha mwisho. Ikaingia kwa shida.
Nikakaa na kigae kile mpaka mlinzi akaja na funguo.
Nani alimpa mtoto udongo?
Au alijichukulia, mama yake akiwa kisimani?
Kwenye fomu kuna nafasi ya rangi, ya unene, ya kina cha shimo.
Umri wa aliyefinya hauulizwi.

Halafu zikaja tano mbili.
Jumatano ni tano kwa Kibantu,
Alhamisi ni tano kwa Kiarabu,
lugha moja imelalia nyingine kama matabaka ya shimo,
na sita haipo, hata ukichimba.
Nilikuwa na insha mbili, moja kwa kila tano;
ile sita iliyopotea
nikaikuta kwenye vikombe vya kahawa.
Insha ya pili niliifikisha saa kumi na dakika mbili.
Mwisho ulikuwa saa kumi.
Karani akatazama saa, akanitazama, akagonga muhuri.
Sijui kama ilikuwa huruma au njaa.

Usiku mama akapiga. "Umejifunza nini?"
Nilitaka kumpa Meroe na tanuri zake za chuma.
Nikampa habari za kucha.
Akanyamaza, salio lake likienda.
"Na mdogo wako," akasema,
"ametoboa mikate yote ya jana kwa kidole."

Leo Ijumaa, chapati tena.
Namba imejichapa kwenye kidole gumba changu,
wino hausikii sabuni.
Mama Sikujua ananishika mkono, anasoma kwa sauti:
"Mia mbili na kumi na nne. Hili deni la nani?"
"Bado namtafuta," nasema.
Namhesabia sarafu zake.
"Marahaba," ananiambia.