Mraba wa Tarehe Kumi na Nne

Kalenda nilipewa bure na bucha la Soto.
Juu ina picha ya kondoo dume
anayenitazama kama mkaguzi.
Nimeipigilia msumari nyuma ya mashine ya kunolea,
pale ambapo cheche hazifiki.

Ni Juni, Punta Arenas. Saa kumi na moja
jua linafunga duka lake,
upepo unatikisa mlango wangu kama mdai.
Hakuna mwenye mkasi wa kunoa mwezi huu;
kondoo wamevaa manyoya yao, wana haki.
Basi nimeketi na penseli, kalamu nyekundu,
na boksi la viatu lililojaa risiti.

Mwaka jana nilizibeba tarehe kichwani.
Kichwa hakina misumari.
Leseni ya manispaa ilidondoka humo, Julai;
nilifika dirishani siku mbili baadaye, nimevaa koti zuri.
Karani hakutazama koti.
Faini ilikuwa bei ya jiwe zima la kunolea,
lile laini, la kumalizia.
Siku za mwizi ni arobaini.
Za mwenye duka, nimezihesabu, ni kumi na mbili:
kila mwezi, tarehe kumi na mbili, kodi ya mauzo.

Milenka Vukasovic, anayenipigia hesabu
kwa ujira wa visu vinne kila robo mwaka,
alinifunza kuanzia mwisho.
"Usiulize kazi inaanza lini, Eduvigis.
Uliza inatakiwa lini, kisha rudi kinyumenyume
kama mtu anayepiga deki,
asije akakanyaga alipokwisha safisha."

Basi narudi.
Novemba wakata manyoya watashuka kwenye malori,
kila mmoja na meno butu ya mashine yake.
Ili niwapokee Novemba, mawe yawe hapa Oktoba.
Ili yawe hapa Oktoba, yatoke Santiago Septemba
(na tarehe kumi na nane nchi nzima inakula na kucheza;
nimeandika hapo: usijidanganye).
Ili yatoke Septemba, nilipe mwanzo wa Agosti.
Ili nilipe Agosti,
Don Heriberto wa hoteli anilipe mimi Julai.
Jina lake nalipigia mstari mara mbili,
maana ni mtu wa kesho,
na kesho yake haina tarehe.

Mtungi wa kuzimia moto, ukaguliwe.
Mkanda wa mota. Bima. Kuhesabu stoo.
Kufikia saa mbili usiku karatasi imejaa
hata kondoo anaonekana kuchoka.

Mraba mmoja ukabaki mweupe.
Agosti, kumi na nne, na majirani zake watatu.
Niliutafutia deni.
Nilipekua boksi mara mbili, nikatikisa na kifuniko.
Hakuna.

Evaristo yuko kaskazini, kwenye mgodi wa shaba.
Kila Jumapili huuliza, "Mama, nije lini?"
na miaka sita sasa namjibu, "Tutaona."
Si kwamba sikumtaka.
Sikujua siku zangu ziko wapi.

Nikampigia, na haikuwa Jumapili.
Akashtuka: "Nani amekufa?"
"Hakuna. Njoo tarehe kumi na nne Agosti.
Kodi itakuwa imelipwa, mawe yameagizwa,
kondoo bado wamevaa."

Kimya kikapita kwenye simu,
kirefu kama nchi yenyewe.
Kisha: "Ngoja kwanza niangalie zamu."

Kodi nimeiandika kwa wino mwekundu.
Jina lake kwa penseli,
ila penseli nimeinoa mwenyewe
kwenye jiwe lile laini,
ikatoboa Agosti
na kuacha alama Septemba.