Waliozaliwa Julai Mosi

Nilipelekwa Lupila na mashine ya alama za vidole,
kamera, kitambaa cheupe cha kutundika nyuma ya kichwa,
na fomu mia mbili ndani ya mfuko wa mbolea.
Mashine haikuipenda baridi ya Makete.
Ilitaka kwanza ipakatwe, ifunikwe koti,
ndipo ikubali kuwaka.

Wa kwanza kuketi: Zebedayo Tweve.
Tarehe ya kuzaliwa, mzee?
"Sakitu ilikuwa imeunguza njegere
zikawa nyeusi kama masizi.
Mama alitoka kuzitazama, akarudi na mimi."
Mwaka?
"Huohuo wa njegere."

Mwongozo wa ofisi, ukurasa wa sita:
asiyejua siku, mwandikie mosi;
asiyejua mwezi, mwandikie Julai.
Mwaka ukadirie kwa meno na wajukuu.
Nikaandika.

Akaja Yudita Ilomo.
Baba yake alikuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga;
aliporudi na blanketi na kikohozi
alimkuta binti anakimbiza kuku.
Julai mosi.
Akaja aliyezaliwa mwaka wa nzige,
aliyezaliwa barabara ikichongwa mlimani kwa sururu,
aliyezaliwa usiku wa kuamkia uhuru, au usiku wa pili yake,
maana redio ilikuwa moja na betri zilikuwa zimekwisha.
Julai mosi, mama. Julai mosi, baba. Weka dole gumba.
Ndugu wawili wa ukoo wa Luvanda,
ambao mmoja alimbeba mwenzake mgongoni machungani,
waliinuka kwenye kiti changu wakiwa mapacha.
Walicheka mpaka picha zikatoka na ukungu.

Ilipofika saa tisa nilikuwa nimezalisha watu thelathini na saba.
Hebu itazame siku hiyo niliyoitengeneza:
moshi katika kila jiko, toka mtoni hadi kwenye misonobari,
wakunga wanapishana vilimani, mikono haijakauka,
kanga zimekwisha, uji umekwisha,
nzige wametua juu ya sakitu,
sururu inagonga mwamba, redio inatangaza na kukatika,
na akina baba wote wako Tanga
na wote wako mlangoni.
Karne nzima imeshindiliwa katika siku moja
kama viazi kwenye gunia la lumbesa.

Kisha akaketi Tulizwe Mahenge.
Hajui siku, hajui mwezi. Nikaanza kuandika.
"Unaandika nini?"
Julai mosi, mama.
"Hiyo hapana. Hiyo ina mtu."

Akafungua fundo la kitenge.
Kadi ya kliniki, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu:
Ombeni, kilo mbili na nusu,
chanjo moja, halafu kalamu nyingine,
1/7, na msalaba mdogo wa wino.
Mwaka sikuusoma. Alikuwa ameufunika kwa kidole.
"Nyumbani kwangu tarehe ni hiyo moja," alisema.
"Muuguzi alinifundisha kuisoma.
Usinikalishe juu yake."

Mashine ilivikataa vidole vyake mara nne.
Pareto na jembe vilikuwa vimeifuta mistari yote.
Ikakubali kimoja tu, cha mkono wa kushoto,
kile alichokuwa amefunikia mwaka.

Nikaandika tarehe mbili.
Mwongozo hauna tarehe mbili.

Njombe, msimamizi alipitisha kalamu kwenye orodha,
mosi, mosi, mosi, akafika kwake, akasimama.
Huyu mmoja vipi?
Nikamwambia: alichelewa.