Dirisha la Tiketi, Tabora

Mwaka ule nilikata tiketi ya Uvinza.
Kwetu ni Kigoma, Gungu, nyuma ya mashine ya kukoboa,
lakini Kigoma inaanza na K,
na K ni mlango wa kuvuta ambao mimi husukuma.
Uvinza inaanza na U. U hupita kama maji.
Nikashuka alfajiri kwenye harufu ya chumvi,
nikamalizia safari juu ya magunia, kwenye lori la Ruhwanya,
ambaye hakuniuliza kitu. Nilimpenda kwa hilo.

Mwalimu aliandika kwenye ripoti: Ana akili, ila ana kigugumizi.
Ila.
Herufi tatu tu, zikasimama kati yangu na akili yangu
kama mlinzi wa geti.
Shangazi Nyamoko aliwaambia wageni, "Huyu anaumwa maneno."
Nikapewa dawa, nikapewa pole.
Nilikuwa siumwi popote.

Usiku bwenini niliipekua lugha kama mtu anayesaka kunguni:
kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kigugumizi.
Nani alitupanga rafu moja na kisu na kijiko?
Halafu nikaona jambo, nikacheka peke yangu gizani:
mbona polepole husemwa mara mbili na hakuna anayetabasamu?
Pikipiki. Barabara. Kizunguzungu.
Mvua ya rasharasha, mtu akaja mbiombio.
Kiswahili chenyewe kinarudia, kinarudia,
na kikirudia kinaitwa kitamu.

Mama alikuwa na lake.
Jirani akinidakia neno ili animalizie,
alimwambia, "Mwache. Neno lake linakuja kwa miguu."

Leo nimerudi dirishani.
Nyuma yangu kuna mzee mwenye madumu ya asali,
na mtu anakohoa kile kikohozi kisicho cha kifua.
Nasema: Ki—
Nasema: Ki— Ki—
Mzee anajaribu, "Kaliua? Binti, mpe Kaliua."
Natikisa kichwa. Liko Malagarasi, linavuka daraja.
Msichana wa tiketi ameshika kalamu. Haangalii saa,
wala haniangalii kwa ile huruma ninayoijua.
—goma.
Anaandika. Hasemi hongera.
Anauliza kama anavyomuuliza kila mtu, kwa uchovu uleule:
"Wa kukaa au wa kulala?"