Nikisimama, Napotea

Daktari Brigita alizima taa za chumba
akanifunga vijitaa kumi na viwili:
mabegani, viwikoni, kwenye viganja,
nyongani, magotini, miguuni.
Akaniashiria nisimame tuli.

"Unaona nini, Ilmars?"
"Nukta," akasema mume wangu gizani.
"Labda theluji iliyosahau kuanguka."

Nikapiga hatua mbili.
Mbili tu.
"Huyo ni Velta,
na goti la kushoto limemrudia. Mbona hakuniambia?"

Kweli sikuwa nimemwambia.

Tangu usiku ule wa moshi wa jiko
umbo limemhama, mwendo umebaki.
Mpe kijiko: ataona mng'ao, rangi ya fedha,
kitu kirefu kisicho na jina.
Kikoroge chai, na papo hapo: "Kijiko!"
kama aliyekutana na rafiki sokoni.
Fundi wa saa, miaka thelathini na mmoja;
siku hizi huutambua mshale wa sekunde peke yake.

Brigita anasema nyuma ya kisogo njia hupanda:
moja hushuka upande wa masikio ikiuliza *ni nini?*
nyingine hupanda utosini ikiuliza *chaenda wapi?*
Ya chini daraja lake limevunjika.
Nikamwambia, daktari, umesema zote hupanda.
Akacheka, akajisahihisha: hugawanyika.

Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa.
Mimi nipo, mbele yake, na aproni yangu,
na langu halipo
mpaka nitikise kiwiko.
Basi situlii. Namenya viazi nikiyumba.
Wageni huuliza kama nasikia baridi;
nawajibu ndiyo, Riga hii, Februari hii.

Picha ya harusi ameigeuza, imetazama ukuta.
"Watu wale," asema, "wamekataa kujitambulisha."
Kituoni, wanaongoja tramu kwake ni ukungu;
tramu ikifika ukungu unapasuka,
unatoa mwanamke mwenye haraka, mzee, mtoto anayeruka,
naye hucheka kwa sauti, nami huona haya kidogo.

Kuna swali sijamuuliza,
la siku nitakapotulia moja kwa moja.

Usiku nagutuka, namkuta ameegemea kiwiko,
macho kwenye blanketi langu, anasubiri.
Linapanda.
Linashuka.
"Ah," ananong'ona, "umefika."