Vikombe Mia na Ishirini

Ulikuja mwezi wa nne, na gari la kijani lenye mlango usiofunga,
ukamwomba baba ruhusa ya kuchimba mashimo katika ngano yake.
"Mashimo ya nini?"
"Ya buibui."
Baba akamtazama mama. Mama akalitazama birika.
Huku Jutland, mtu akisema jambo la ajabu
humiminiwa kahawa kwanza.

Vikombe vilikuwa vya mtindi, mia na ishirini,
vimefukiwa hadi midomoni,
maji ndani, na tone la sabuni.
Nilikuwa na miaka tisa. Ulinilipa kroni moja kwa kila safu
na jina la Kilatini kwa kila siku ya mvua,
na mvua, Bodil, unajua zilivyokuwa.
Wenzangu walikusanya picha za wachezaji.
Mimi nilimjua mama-buibui anayekimbia na mfuko wa mayai,
na watoto wakianguliwa
humpanda mgongoni, tele, wamebanana,
naye hasimami kuwahesabu.

Kuhesabu ilikuwa kazi yako.
Chumba chini ya ngazi, darubini moja, taa inayonguruma,
miaka thelathini na minane ya miguu minane.
Wasemao nyumba ya buibui ni dhaifu
hawajapiga magoti kwenye ngano alfajiri
wakaona kiutando kipana kama kiganja, kimelowa umande,
na vidukari kumi na saba wamening'inia.
Uliandika: kumi na saba.
Hukuandika: ajabu.

Bwana Kofoed, muuza dawa, alileta kalenda na kofia za bure.
"Buibui hana mkataba," alimwambia baba.
"Leo anakula kidukari, kesho anamla ndugu yake."
"Ni kweli," ulijibu kutoka mlangoni, matope hadi magotini.
"Nimehesabu. Asilimia kumi na nne."
Mama alicheka mpaka akakaa.

Baba akakupa nusu ya shamba, isiyopuliziwa dawa.
Miaka mitatu nusu mbili zilivuna sawasawa.
Wa nne, baridi ilikataa kuondoka.
Buibui wakachelewa, vidukari hawakuchelewa,
na kufika Juni kila suke lilinata kwa utamu wao.
Tani sita zilipotea. Kofoed hakusema neno,
alipita tu na gari lake, polepole.

Ulikuja jikoni na karatasi moja.
*Mwaka huu hawakutosha. Sijui kwa nini.*
Maneno hayo hayo yakatoka kwenye jarida, jina lako chini yake.
Baba aliisoma mara mbili, akaikunja,
akasema hajaona bado mtu wa chuo kikuu
anayetia sahihi kwenye hasara.
Majira ya kupanda yalipofika, alilizungusha jembe,
akaacha ukanda wa nyasi katikati ya shamba, upana wa mita mbili,
usiolimwa, usiokatwa,
ili wawe na pa kulala baridi wakaamke karibu na kazi.

Ukanda upo. Baba hayupo.
Bomba la dawa lipo pia, sitakudanganya:
nimelitoa ghalani mara mbili katika miaka kumi na moja,
na mara zote mbili nilikupigia simu kwanza,
nawe hukunikemea. Uliuliza tu tarehe.

Leo ni Oktoba na upepo ni mdogo.
Nimekusukuma kwenye kiti chako hadi ukingoni mwa shamba.
Watoto wa buibui wanapanda ncha za mabua,
wanainua matumbo,
wanaachia uzi mmoja mmoja
na kuondoka duniani bila kuaga.
Shamba zima limevaa hariri isiyo na mwenyewe.
Mkono wako unatetemeka, kalamu nimeishika mimi.

"Wangapi?" unauliza.
Nimesema hawahesabiki. Umenyamaza
jinsi ulivyokuwa ukinyamaza nilipokosea Kilatini.
Basi naanza na kikombe cha kwanza.
Cha sabini na tatu, nakuambia, kimepasuka, hakina maji.
"Kiandike," unasema.