Saa Nne Asubuhi, Namatala

Fomu yangu ina maswali thelathini na moja.
La kwanza: jina la kituo.
Hakikuwa na jina. Akina mama wa kiwanda cha mpunga
husema tu "kwa Khainza". Nikaandika hivyo.
La pili: leseni. Nikapiga mstari.
La tatu: mita za mraba kwa kila mtoto.
Nikatoa futi ya cherehani, maana ya ofisi ilipotea zamani,
nikapima ukuta hadi ukuta
nikikanyaga katikati ya vichwa.

Hapo ndipo nilipogutuka.
Vichwa ishirini na vitatu,
na hakuna hata kimoja kilichoinuka.

Nje mashine ilikoboa kwa ngurumo
hata maji ya ndooni yakatetemeka.
Pumba ziliingia dirishani, zikatua kwenye kope zao,
kope zisipepese.
Kimya kingi kina mshindo.
Nimezaa watatu, nawajua wa miaka miwili:
saa nne asubuhi mmoja analia, mmoja anamuuma mwenzake,
mmoja anatafuta suruali aliyoishika mkononi.
Hawalali wote kama mikeka.

"Umewapa nini?"
"Uji."
"Na nini?"
Khainza akautazama Wanale. Mlima haukumsaidia.
Juu ya kabati, nyuma ya picha ya ubatizo,
sirapu ya kikohozi, na kijiko kimoja cha wote.

"Msaidizi nilimlipa miezi miwili, madamu,
wa tatu nikashindwa.
Wakiamka kwa pamoja, moto ule pale, kisima kile pale,
nami nina mikono miwili.
Wewe ungemshika yupi?"

Swali la thelathini na mbili.

Begini nilikuwa na kufuli jipya la wilaya.
Bwana Wamimbi alisema: funga, piga picha,
urudi kabla ya chakula cha mchana.
Mwaka jana nilifunga hivyo kule Nkoma.
Kikaoni walinipigia makofi.
Wiki ya pili nikamkuta Nambozo, nambari saba katika orodha yangu,
kafungwa kitenge mguuni, ncha ya pili kwenye mguu wa meza,
mama yake akichoma mahindi ng'ambo ya barabara,
kila lori likipita akirefusha shingo.
Nilimsalimu.
Hakuitika.

Basi tuliwaamsha, mimi na Khainza, mmoja mmoja,
maji usoni, jina sikioni.
Wa kumi na sita alichelewa.
Usiniulize nilihesabu hadi ngapi.
Nesi wa zahanati alikuja kwa boda, akasikiliza vifua vyote,
akanitazama mimi, si Khainza,
kwa jicho ambalo bado ninalo.

Chupa nikaitia katika bahasha ya serikali.
Nikaandika: siku thelathini. Msaidizi. Mfuniko wa kisima.
Rejista yenye simu za wazazi.
"Na nitarudi."
"Siku gani?"
"Siku hiyo utaniona."

Ofisini Bwana Wamimbi alinyoosha kiganja.
"Picha?"
Nikampa kufuli, bado ndani ya karatasi yake.
Akaandika kwa wino mwekundu: Kwa nini?
Nimeanza jibu mara nne. Sijafika mbali.
Huenda nilikosea. Wa kumi na sita hunijia usiku,
mzito mikononi kama gunia lililolowa.

Alhamisi nilishuka boda kabla ya kona, nikatembea.
Umeme ulikuwa umekatika, mashine imenyamaza,
mtaa mzima umenyamaza nayo.
Nikasimama. Nikategea sikio mlango wa mabati.

Kwanza hakuna.

Kisha mtu akaporwa kitu, akapiga yowe la haki yake.
Wa pili akamjibu, sufuria ikaanguka,
sauti ya kike nisiyoijua ikafoka: "Nani kamwaga?"
na chumba kizima kikalipuka.

Nikakaa juu ya gunia la pumba,
nikatoa fomu, nikaipekua mbele na nyuma
nikitafuta mstari wa kuandika kelele.